Stata ya rimoti na funguo za chipu

Stata ya rimoti ni kifaa cha umeme kinachowasha injini ya gari kutoka mbali, bila ufunguo kuingia kwenye swichi. Huko Hokkaido, kaskazini mwa Japani, watu hukifunga ili injini ipate joto na barafu iyeyuke kwenye vioo. Pwani ya Lindi hukihitaji kwa kinyume chake: gari lililoachwa juani Nangurukuru au Kilwa Masoko liwashwe na kiyoyozi kilipoze kabla mwenyewe hajafungua mlango.

Ugumu wa kukifunga uko kwenye kinga ya wizi. Magari mengi ya ukanda huu ni ya mtumba kutoka Japani, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 baadhi yake huja na ufunguo wenye chipu ndogo isiyo na betri. Koili iliyozunguka tundu la swichi huiamsha kwa mawimbi ya redio, mara nyingi ya kilohezi 125, nayo hujibu kwa namba yake ya siri. Kompyuta ya injini isipoitambua namba hiyo hunyima mafuta au moto wa plagi: stata huweza kuzunguka, injini isishike. Kinga hii huitwa imobilaiza. Umoja wa Ulaya uliilazimisha kwa magari mapya mwaka 1998. Japani haikulazimisha, hivyo magari mawili ya aina moja na mwaka mmoja yanaweza kutofautiana. Kwenye Toyota nyingi, taa nyekundu inayopepesa kwenye dashibodi ufunguo ukishatolewa ndiyo dalili ya kwanza ya kutazama.

Ili rimoti iwashe gari la namna hiyo, kompyuta lazima iamini kwamba ufunguo upo. Njia ya zamani ni kuficha ufunguo wa akiba kwenye kisanduku chini ya dashibodi, na waya wake kuzungushiwa koili ya swichi. Hapa ndipo fundi hupimwa. Kisanduku cha kweli kina relei inayounganisha waya huo pale tu rimoti inapoamuru. Muda mwingine wote chipu hukaa kimya. Fundi mwenye haraka huigandisha chipu kwa gundi kando ya koili, na tangu siku hiyo ufunguo wowote wa chuma uliochongwa mtaani unawasha gari. Hiyo si kazi iliyorahisishwa, ni kinga iliyong'olewa, na mwenye gari hastahili kuilipia. Njia ya pili, iliyo bora, ni moduli inayojifunza namba ya gari kupitia waya za kompyuta, ila si kila gari la zamani lina moduli yake.

Ufunguo wa akiba nao ni mtihani, kwa kuwa gari la mtumba mara nyingi hufika na ufunguo mmoja. Kwenye Toyota za zamani, ufunguo mkuu, kwa kawaida wenye kichwa cheusi, ndio unaoweza kusajili mwingine. Wa kijivu hauwezi. Mkuu ukipotea, kompyuta hutolewa ikaandikwa upya kwa mashine maalumu, na kwa mtu wa Kilwa hilo huweza kumaanisha safari ya karibu kilometa 300 hadi Dar es Salaam, kwa barabara ambayo mvua na mafuriko ya Mei 2024 yaliikata eneo la Somanga.

Waya nazo zina adui wake pwani: hewa ya chumvi hula shaba. Waya zilizosokotwa kwa vidole na kufungwa selotepu hushika kutu ya kijani, kisha gari huanza kuzima njiani. Viungo vichomelewe kwa risasi, na kila waya mkubwa uwe na fyuzi yake.

Gari la gia za mkono lisifungwe stata ya rimoti: likiachwa kwenye gia, huruka mbele lenyewe. Hata kwenye otomatiki, swichi ya boneti ni ya lazima, ili injini isiwake fundi akiwa na mikono ndani. Wala gari lisiwashwe kwa rimoti ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua.

Mwenye ufunguo mmoja na asajili wa pili kwanza, ndipo amwite fundi wa rimoti.