Utani na Posho: Msamiati Uliotembea kwa Miguu

Neno utani hutumika siku hizi kwa wepesi mno. Mwanafunzi akimcheka mwenzake darasani husemwa kuwa anamtania. Mchoraji akimsuta mkubwa kwa katuni husemwa kuwa amefanya utani. Na mfasiri akikutana na neno lolote la kigeni lenye maana ya kuchekesha, utani humjia kalamuni kabla ya mzaha, masihara, dhihaka au kejeli. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno hili lina historia yake, kwamba sehemu kubwa ya historia hiyo ilipita katika njia za misafara, na kwamba anayelitumia ovyo huitupa istilahi tuliyokwisha kuwa nayo.

Katika karne ya 19, kabla ya reli, bidhaa baina ya pwani na nchi za maziwa zilichukuliwa na binadamu. Njia iliyo mashuhuri zaidi ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikakata nyika kame iliyoitwa Mgunda Mkali, ikafika Unyanyembe karibu na Tabora ya leo, kisha Ujiji. Aliyechukua mzigo aliitwa mpagazi, kutokana na kitenzi pagaa, yaani kuchukua begani. Na kitenzi hicho hicho ndicho tunachokisikia tukisema kuwa mtu amepagawa na pepo. Mzigo wake mara nyingi ulikaribia frasila 2, yaani ratili 70. Mbele alitangulia kirangozi, ndiye kiongozi; na wanyapara walisimamia watu. Safari ilikuwa ya miezi, na mtu hakuwachagua wote aliotembea nao.

Katika mwendo wa namna hiyo mambo mawili hayakukosa kuzungumzwa: chakula na mwenzi wa njiani. La kwanza lilikuwa na jina lake, nalo ni posho. Kipimo kilichozoeleka kilikuwa kibaba 1 cha nafaka kwa mtu kwa siku, na vibaba 4 hufanya pishi 1. Lakini si kila siku nafaka yenyewe iligawiwa. Mara nyingi wapagazi walipewa nguo au shanga, wakanunua chakula vijijini kwa bei waliyoiweza. Kwa hiyo wanaolalamika kwamba posho ya kikao ni upotofu wa neno la chakula hawana budi kukumbuka kwamba tangu zamani posho iliweza kuwa kitu cha kununulia chakula. Huko Uganda neno limebaki chunguni, maana posho ni ugali wa mahindi. Huko Tanzania limeingia katika hesabu za ofisi. Matumizi yote mawili ni watoto halali wa njia moja.

Kuhusu mzaha wa wasafiri hao, ushahidi mmoja ulio wazi umo katika kitabu cha Richard Burton kilichotoka mwaka 1860, baada ya safari yake ya bara iliyoanza mwaka 1857. Anaeleza kwamba misafara miwili ilipokutana njiani, virangozi walisogeleana kwa madaha, wakainama, wakagongana vichwa kama kondoo dume. Watu wao wakaiga, na mgeni angedhani vita vimeanza. Pasipokuwa na kinyongo, jambo liliishia katika kicheko, na upande ulio dhaifu ukapisha njia. Anaeleza pia wimbo ambao wapagazi walimwimbia yeye mwenyewe, wakimwita mzungu mbaya na kuahidi kumfuata milimani na mitoni maadamu chakula ni kizuri. Burton hakulichukua neno hilo kuwa tusi. Nasi tukilitazama vyema tunaona mambo yote mawili yamefungwa pamoja: mwenzi wa safari anachekwa mbele ya uso wake, na posho yake inakumbushwa papo hapo. Kicheko kilikuwa pia dai.

Hata hivyo si kila kicheko cha njiani kilikuwa utani. Utani hasa ulikuwa mapatano baina ya jamaa, koo au makabila, kama Wanyamwezi na Wazaramo, ambao mizigo na biashara viliwakutanisha miaka mingi. R. E. Moreau, aliyeandika juu ya desturi hii katika Tanganyika mwaka 1944, aliona kwamba utani wa makabila huambatana na historia ya kukutana kwao, ama vitani ama katika njia za biashara. Wahehe na Wangoni, waliopigana katika karne ya 19, ni mfano wa njia ya vita.

Tukiuliza utani ulimfaa nini mpagazi, jibu ni kwamba ulimpa ndugu mahali asipokuwa na ndugu. Mtani alikuwa na ruhusa ya kukucheka ulaji wako, mwendo wako na watu wa kwenu, hata kuchukua kitu chako kidogo, nawe usikasirike. Lakini alipaswa kukupokea ukifika kwake, na kukuzika ukifia ugenini. Wajibu huo wa mazishi haukufa pamoja na misafara. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mpagazi akapoteza kazi katika njia ile. Lakini hata katika miji watani wameendelea kufika misibani, wakavaa nguo za marehemu na kumwigiza, wakazuia kaburi hata walipwe kitu kidogo, kisha wakashika majembe.

Hapo ndipo istilahi inapotudai uangalifu. Mzaha hauhitaji uhusiano wowote. Mtu humfanyia hata asiyemjua. Masihara ni kukosa kulitia jambo maanani. Dhihaka na kejeli hushusha hadhi ya mtu. Utani una masharti matatu: uwe umekubaliwa na pande zote mbili, anayetaniwa awe na haki ya kurudisha, na kicheko kiambatane na wajibu. Mahali sharti moja linapokosekana, heri kutafuta neno jingine.

Tofauti hii si ya wanalughawiya peke yao. Tuchukue mkubwa wa kazi anayemcheka karani wake mbele ya wageni, na karani hathubutu kumjibu. Mwandishi wa kumbukumbu, au mfasiri wa shauri hilo, akiandika kwamba mkubwa “alimtania”, amekwisha kutoa hukumu: ameligeuza kosa kuwa desturi, na mlalamikaji ameonekana mtu asiyejua kucheka. Akiandika “alimdhihaki”, amesema kilichotokea.

Kwa ajili hiyo yapendekezwa kwamba utani utengwe kwa maana yake ya haki na wajibu, na kwamba wafasiri waache kuandika “uhusiano wa utani” pale wanapofasiri maandishi ya elimujamii. Wageni walilazimika kuunganisha maneno mawili kwa kuwa hawakuwa na moja. Sisi tunalo, na uhusiano umo ndani yake tayari.