Ndege Iliyopinduka Mtoni Rufiji, 1915

Ninyi mlioko Chumbi leo mna bahati, maana habari hii ilitokea karibu na kwenu, kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Fungueni madaftari, lakini kwanza sikilizeni.

Katika Vita Kuu ya Kwanza nchi hii ilikuwa chini ya Wajerumani. Walikuwa na manowari iitwayo Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari hiyo iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, bandarini Unguja, kisha ikajificha ndani ya delta. Mtambo wake ulikuwa umeharibika. Vipande vilivyohitaji kutengenezwa vilipelekwa Dar es Salaam kwa nchi kavu. Havikupelekwa kwa motakaa wala gari la moshi: watu weusi wapatao elfu moja walivivuta kwa mikono, wakavirudisha vilipokwisha kutengenezwa. Majina ya manahodha na marubani yameandikwa vitabuni. Ya wavutaji hawa hayakuandikwa.

Waingereza walifunga njia za kutokea baharini, lakini hawakuweza kuiona meli. Ninyi mnaijua mikoko yenu: mtu akiwa hatua chache tu ndani, humwoni. Basi wakaleta ndege. Rubani wa kwanza, H. D. Cutler, aliiona meli mwezi wa Novemba 1914. Mwezi uliofuata mtambo wa ndege yake ulizimika angani, akashuka mtoni, akakamatwa na Wajerumani.

Mwaka 1915 Waingereza waliteka kisiwa cha Mafia, wakasafisha uwanja wa ndege huko. Walileta pia manowari mbili zisizohitaji maji mengi, Severn na Mersey, ambazo awali zilijengwa kwa ajili ya mito ya Brazili. Tarehe 6 Julai hizo mbili zilipiga makombora zaidi ya 600, na machache sana yaliipata Königsberg. Wapigaji hawakuona walichokipiga. Ni kama mtu kurusha jiwe juu ya nyumba ili limpige kuku aliye uani.

Tarehe 11 Julai walirudi. Juu yao iliruka ndege aina ya Henri Farman, nyepesi, ya wakati ule. Rubani alikuwa John Cull, na mwenziwe Harwood Arnold alikaa na simu ya upepo. Kila kombora lilipoanguka, Arnold alipeleka habari chini: mbali mno, karibu mno, kushoto, kulia. Kwenye mpigo wa nane Severn iliipata meli.

Wajerumani nao waliipiga ndege, na mtambo ukafa. Je, ungefanya nini hapo? Ndege isiyo na mtambo haianguki kama embe. Huteleza hewani ikishuka polepole, lakini rubani ana nafasi moja tu ya kutua. Akikosea, hawezi kupanda tena ajaribu upya.

Kutua ni kazi ngumu hata uwanjani. Ndege nyingi ndogo za zamani zilikuwa na magurudumu mbele, na nyuma ziliegemea mkia. Upepo wa ubavuni, kama kusi letu la mwezi wa Julai, huusukuma mkia upande, na ndege huzunguka kama mtumbwi uliopigwa na mkondo kwa ubavu. Na magurudumu yakinaswa ghafula, mkia hunyanyuka juu na pua huchimba chini.

Cull hakuwa na uwanja wowote. Chini yake palikuwa na mikoko, matope na mto. Akachagua mto, karibu na Mersey. Arnold alikwisha kupeleka habari kwamba wamepigwa na waletewe mashua, lakini hakuiacha simu yake. Huku wakishuka aliendelea kuwasahihisha wapigaji wa Severn. Nadhani wachache wangekuwa na moyo huo.

Magurudumu yaligusa maji yakanaswa, kama miguu ya mtu akimbiaye aingiapo topeni. Ndege ikapinduka. Arnold alirushwa nje. Cull alikuwa amesahau kufungua mkanda wake, akabaki chini ya maji amefungwa kwenye kiti. Alijikwamua kwa shida sana, akaibuka. Mashua ya Mersey ikawachukua wote wawili wakiwa hai. Ndege haikufaa tena.

Alasiri hiyo hiyo nahodha wa Königsberg, Max Looff, aliizamisha meli yake mwenyewe. Lakini mizinga yake kumi ilitolewa majini, ikakokotwa na watu hadi Dar es Salaam, ikatumika katika vita vya nchi kavu. Mmoja wapo uko Mombasa, nje ya Ngome ya Yesu, na kando yake upo mzinga wa Pegasus.