Ukisusa, Wenzio Wala? Ziara ya Kriketi ya Afrika Kusini Nchini India, 1991

Utangulizi

Miongoni mwa semi ambazo sisi walimu wa Kiswahili hatuchoki kuzifundisha ni ule usemao: ukisusa, wenzio wala. Huambiwa mtoto aliyenuna na kukisogeza chakula pembeni. Maana yake ni bayana. Anayesusa hujidhuru mwenyewe, kwani sinia haliondolewi kwa sababu ya hasira zake. Darasani huongeza kwamba kususa ni kukataa kitu kwa chuki au uchungu, mara nyingi mtu akitaraji kubembelezwa, na kwamba kutokana na kitenzi hicho tumepata kususia, ambacho magazeti na redio hukitumia nchi inapokataa kushiriki mashindano au kununua bidhaa za nchi nyingine.

Siku moja tulipokuwa tukifundisha usemi huu hapa Uganda, mwanafunzi alituuliza: ikiwa kususa ni ujinga, mbona viongozi wa Afrika waliisusia Afrika Kusini ya makaburu na tunawasifu kwa jambo hilo? Swali hilo halikujibika kwa sentensi moja. Makala haya yanajaribu kulijibu kwa kutumia kisa kimoja cha historia, nacho ni ziara ya timu ya taifa ya kriketi ya Afrika Kusini nchini India mwezi Novemba 1991, baada ya miaka 21 ya kutengwa.

Sinia la watu wachache

Afrika Kusini ilianza kucheza kriketi ya kimataifa mwaka 1889. Kuanzia mwaka huo hadi 1970 ilicheza mechi zake rasmi na nchi tatu tu: Uingereza, Australia na New Zealand. Haikupata kukutana rasmi na India, Pakistan wala West Indies, ambazo wachezaji wake wengi hawakuwa Wazungu. Ndani ya nchi hali ilikuwa hiyo hiyo. Weusi, Wahindi na wale waliowekwa katika kundi la machotara walikuwa na vyama vyao na viwanja vyao duni, lakini jezi ya taifa haikuwa yao.

Hapana mfano bora kuliko Basil D'Oliveira, mzaliwa wa Cape Town aliyehesabiwa chotara. Mwaka 1958 aliongoza timu ya wachezaji wasio Wazungu wa Afrika Kusini katika ziara ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo watu wa huku kwetu walipata kumwona nahodha ambaye nchi yake mwenyewe haikutaka kumwona. Mwaka 1960 alihamia Uingereza, na mwaka 1966 akaanza kuichezea timu ya taifa ya huko. Agosti 1968 alipata mikimbio 158 dhidi ya Australia katika uwanja wa The Oval, London. Hata hivyo, alipotangazwa kikosi cha kwenda Afrika Kusini jina lake halikuwamo, na watu wengi waliamini kuwa aliachwa ili wenyeji wasiudhike. Mchezaji mmoja alipojitoa kwa kuumia, D'Oliveira aliitwa kuziba pengo. Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, John Vorster, akakataa kuipokea timu hiyo, na ziara ikafutwa.

Ni muhimu tulione jambo hili kwa usahihi wake. Aliyetangulia kukataa kula na wenzake ni Afrika Kusini yenyewe. Dunia ilikuja kususia sinia ambalo tayari lilikuwa limewafukuza walio wengi.

Waliosusia na gharama yake

Mwaka 1970 timu ya Afrika Kusini ilikuwa pengine bora kuliko zote. Ilikuwa imeishinda Australia mechi nne kwa bila, ikiongozwa na nahodha Ali Bacher. Ilitakiwa kwenda Uingereza mwaka huo huo, lakini vijana wa huko walifanya kampeni kali ya kuizuia, wakiongozwa na Peter Hain, kijana aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kukulia Pretoria. Ziara ikafutwa mwezi Mei, na milango ya kimataifa ikafungwa.

Katika michezo mingine mlango ulikuwa umeanza kufungwa mapema zaidi. Afrika Kusini haikucheza katika fainali za kwanza za Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Khartoum mwaka 1957, na haikushiriki Olimpiki kuanzia 1964. India nayo ilikuwa na msimamo wa zamani kuliko wengi. Ilikata biashara na Afrika Kusini mwaka 1946 na kulifikisha suala la Wahindi wa nchi hiyo Umoja wa Mataifa. Mwaka 1974, ilipofika fainali ya Kombe la Davis la tenisi na kukuta mpinzani wake ni Afrika Kusini, India ilikataa kucheza. Kombe likachukuliwa na Afrika Kusini bila mpira hata mmoja kupigwa.

Hapo usemi wetu unaelekea kushinda: India ilisusa, mwenzie akala. Nasi pia tulilipa. Mwaka 1976 zaidi ya nchi ishirini, nyingi zikiwa za Afrika, zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini. Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwamo. Filbert Bayi wa Tanzania, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, hakukimbia. John Akii-Bua wa Uganda, bingwa wa Olimpiki wa mita 400 kuruka viunzi mwaka 1972, hakupata nafasi ya kulitetea taji lake, na rekodi yake ya dunia ikavunjwa huko huko Montreal na Mmarekani Edwin Moses. Mwanariadha hurudi kwenye ubora wake mara chache sana. Tunapowasifu viongozi waliosusia, tuwataje na hawa, kwani wao ndio waliolala na njaa.

Aidha, uadilifu unatudai tuseme jambo jingine. Serikali ya Uganda iliyosusia ubaguzi mwaka 1976 ndiyo iliyowafukuza Waasia mwaka 1972. Waliofukuzwa walikuwa miongoni mwa nguzo za mchezo huu wa kriketi nchini mwetu. Anayesusia dhuluma ya jirani hapaswi kuisahau ya nyumbani kwake.

Hata hivyo, kususia kulikuwa na matunda. Mwaka 1975 Kombe la Dunia la kriketi lilichezwa kwa mara ya kwanza, nchini Uingereza. Timu ya pamoja ya Afrika Mashariki ilikuwapo, dhaifu na ikashindwa mechi zake zote. Afrika Kusini, yenye wapigaji wa kiwango cha Graeme Pollock na Barry Richards, haikualikwa. Richards alicheza mechi nne tu rasmi katika maisha yake. Safari hii aliyeketi njaa hakuwa aliyesusa bali aliyesusiwa.

Makaburu walijaribu kula kwa mlango wa nyuma. Kati ya 1982 na 1990 walizilipa fedha nyingi timu zisizo rasmi kutoka Uingereza, Sri Lanka, West Indies na Australia. Wachezaji wa West Indies waliokubali walifungiwa maisha na chama chao, adhabu iliyokuja kuondolewa baadaye. Timu ya mwisho, ya Waingereza chini ya Mike Gatting, ilifika mapema mwaka 1990 na kukutana na maandamano makubwa kiasi kwamba ziara ilikatizwa. Mwezi Februari mwaka huo huo Nelson Mandela akatoka gerezani.

Siku tano za Novemba

Mwezi Juni 1991 vyama viwili vya kriketi, kimoja cha mfumo wa Wazungu na kingine cha wale waliopinga kucheza chini ya ubaguzi, viliungana na kuwa chama kimoja. Mwezi Julai, katika mkutano uliofanyika Lord's, London, Afrika Kusini ikarudishwa katika baraza la kriketi la dunia. Aliyetoa hoja ya kuirudisha ni India. Aliyefanya kazi kubwa ya kuwashawishi wajumbe ni Steve Tshwete wa ANC, aliyewahi kufungwa Robben Island kwa miaka mingi. Yaani waliofunga mlango ndio walioshika ufunguo wa kuufungua.

Ziara yenyewe ilikuja kwa ghafla. Pakistan ilikuwa imeahirisha safari yake ya India kutokana na hali mbaya ya kisiasa, na nafasi ile wakapewa wageni hawa wapya. Nahodha alikuwa Clive Rice, mwenye umri wa miaka 42. Alikuwa amechaguliwa kwa ziara ya Australia ya mwaka 1971 ambayo ilifutwa, hivyo alikuwa amesubiri miaka 20. Mjini Kolkata, wakati huo ukiitwa Calcutta, watu walijipanga barabarani kutoka uwanja wa ndege. Wachezaji walikwenda pia kumwamkia Mama Teresa.

Tarehe 10 Novemba uwanja wa Eden Gardens ulijaa watazamaji waliokisiwa kuzidi 90,000. Afrika Kusini, ambayo haikuwa imepata kucheza mechi rasmi ya siku moja, ilipata mikimbio 177 kwa wiketi 8. India ilipoanza kupiga, mrushaji Allan Donald aliangusha wiketi 5 kwa mikimbio 29 tu, na uwanja ukapoa. Aliyeuamsha ni Sachin Tendulkar, kijana wa miaka 18, aliyepata mikimbio 62, akisaidiwa na Pravin Amre, aliyekuwa akiichezea India mechi yake ya kwanza ya aina hiyo na kupata 55. India ikashinda kwa wiketi 3.

Siku mbili baadaye mjini Gwalior, India ilishinda tena, kwa tofauti ya mikimbio 38. Tarehe 14, mjini Delhi, wenyeji walipata 287, lakini wageni wakaifikia hesabu hiyo na kuipita kwa kupoteza wiketi 2 tu. Ziara ikaisha. Mechi hizo tatu, katika siku tano, ndizo zote alizopata Rice kuichezea nchi yake. Kwa Kombe la Dunia la mwaka 1992 hakuchaguliwa.

Kurudi au kuanza?

Wakati ule iliandikwa kwamba Afrika Kusini imerudi. Sisi tunaofanya kazi ya maneno tunapaswa kulichunguza neno hilo. Mtu hurudi pale alipokuwapo kwanza. Afrika Kusini haikupata kucheza na India hata siku moja kabla ya Novemba 1991. Kwa hiyo Kolkata hapakuwa na marejeo bali mwanzo. Kwa D'Oliveira na wenziwe, na kwa maelfu ambao majina yao hayakuandikwa popote, hapakuwa na cha kurejea kabisa. Wazungu walikosa miaka 21. Wao walikosa yote tangu 1889.

Na mwanzo huo ulikuwa na upungufu. Wachezaji wote walioingia uwanjani kwa upande wa Afrika Kusini walikuwa Wazungu. Vijana wachache wa kujifunza walisafiri pamoja na timu, baadhi yao wasio Wazungu, lakini hawakucheza. Isitoshe, Waafrika walikuwa bado hawajapiga kura nchini mwao. Uchaguzi wa wote ulifanyika Aprili 1994. Je, sinia lilirudishwa mapema mno? Waliosema ndiyo walikuwa na hoja nzito, kwani aliyesusiwa akishashiba, nguvu ya kumdai hupungua. Lakini Tshwete na wenzake waliona kwamba kususia kusikokuwa na masharti ya kukoma hugeuka kuwa kununa tu. Mwezi Machi 1992, Wazungu walipoulizwa kwa kura kama mageuzi yaendelee, asilimia 68.7 walisema ndiyo. Timu yao ilikuwa Australia kwenye Kombe la Dunia, na wapiga kura walijua kwamba kura ya hapana ingeifunga milango upya.

Mabadiliko uwanjani yalikuja polepole. Makhaya Ntini alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuichezea Afrika Kusini mechi rasmi ya siku tano, mwaka 1998. Mwezi Juni 2025 Afrika Kusini ilitwaa ubingwa wa dunia wa mechi hizo ikiongozwa na Temba Bavuma, mzaliwa wa Langa, katika uwanja ule ule wa Lord's. Timu ilipokwenda Kolkata, Bavuma alikuwa bado hajatimiza miaka miwili.

Hitimisho

Tumrudie mwanafunzi wetu. Usemi haukukosea. Mmoja akisusa peke yake, wenzake hula, kama ilivyotokea India mwaka 1974. Lakini usemi huo unamzungumzia mtu mmoja kwenye sinia la wengi. Hausemi kitu juu ya siku ambayo wengi wanainuka kwa pamoja, wakitaja wazi ni kitu gani kitawafanya waketi tena, na wakiwa tayari kulipa gharama yake.

Tunawashauri walimu wenzetu, mnapoufundisha usemi huu, mwaulize wanafunzi maswali matatu: nani alisusa, ni nani aliyelala njaa, na ni sharti gani lililomrudisha kwenye sinia. Tofauti ya kususa na kususia wataiona wenyewe.