Jina la Joto, Hukumu ya Upepo

Ukisikia watu wa hali ya hewa wakizungumzia "joto la ghafla la stratosfia", usidhani huko juu kuna fukuto. Kilomita 30 juu ya Aktiki, ndani ya tabaka la anga liitwalo stratosfia, katikati ya usiku mrefu wa majira ya baridi, hewa huweza kuwa nyuzi 70 za Selsiasi chini ya sifuri. Tukio hili linapozuka, kipimo huweza kupanda nyuzi 50 ndani ya siku chache. Piga hesabu: bado tuko nyuzi 20 chini ya sifuri. Kiswahili kimejaliwa kutenganisha joto na halijoto, na kwa haki kinachopanda hapa ni halijoto. Lakini jina limeshazoeleka duniani kwa sura ya joto, nasi tumelipokea lilivyo.

Majira nayo yana mtego wake. Wako wanaoyaita majira ya baridi ya Ulaya kipupwe. Neno ni tamu, ila kipupwe chetu huja Juni na Julai, na matukio haya ya kaskazini hutokea kati ya Novemba na Machi, wakati mtu wa Lamu au Tanga anachomwa na jua la kaskazi. Kipupwe cha Januari kitamchanganya. "Majira ya baridi ya kaskazini" ni maneno mengi, lakini hayapotoshi.

Tukio lenyewe lilianza kwa majina mengine. Mapema mwaka 1952, Richard Scherhag, mtaalamu wa hali ya hewa wa Berlin, aliona vipimo vya maputo yaliyorushwa juu ya jiji hilo vikipanda kwa namna isiyotarajiwa. Akaliita joto lenye kulipuka. Likajulikana pia kama jambo la Berlin. Jina moja lilibeba mshangao wa aliyeona, la pili likabeba mahali puto liliporushwa. Hayakudumu, kwa kuwa tukio hili halilipuki, na eneo lake si jiji moja bali ncha nzima ya dunia. Lililobaki ni "ghafla", na ghafla ya anga ni ya siku kadhaa, si ya kufumba na kufumbua.

Ajabu ni kwamba, linapofika suala la kuamua kama tukio kubwa limetokea, kipimajoto hakitoshi. Mwenye kauli ni upepo. Wakati wa baridi, upepo wa stratosfia huizunguka ncha ya kaskazini ukitoka magharibi. Wataalamu hutazama wastani wake kwenye latitudo ya 60, pale kanieneo ya hewa inaposhuka hadi hektopaskali 10. Ukipungua, ukapita sifuri na kuanza kutoka mashariki, tukio ni kubwa. Usipogeuka, halijoto ipande itakavyo, tukio ni dogo.

Baharia wa mwambao angeshika ufafanuzi huu upesi kuliko sisi wa vitabuni. Kwake kaskazi na kusi ni pepo, na papo hapo ni misimu. Katikati kuna tanga mbili, wakati upepo haujaamua. Hata upepo wa mawio una jina lake: matlai. Stratosfia ya ncha nayo ina misimu ya pepo, magharibi wakati wa baridi na mashariki wakati wa kiangazi, mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana kuna sharti: upepo uliogeuka lazima urudi kuvuma kutoka magharibi walau siku 10 mfululizo kabla ya Aprili kwisha. Usiporudi, hayo ni mabadiliko ya msimu yaliyowahi tu, wala hayahesabiwi. Kwa lugha ya pwani, tukio kubwa ni matlai iliyoingia msimu usio wake, kisha ikaondoka.

Fizikia nayo inampa haki baharia. Mwaka 1971, Taroh Matsuno wa Japani alionyesha kwa modeli sahili jinsi mambo yanavyofuatana. Mawimbi makubwa ya hewa huzaliwa chini, kwenye milima mirefu na palipo na tofauti ya halijoto kati ya bara na bahari. Hupanda hadi stratosfia na kuukaba upepo wa magharibi. Upepo ukilegea, hewa husogea kuelekea nchani na kushuka. Ikishuka hubanwa, na ikibanwa hupata moto, kama pampu ya baiskeli mkononi mwa anayejaza upepo. Joto basi ndilo la mwisho kufika, ingawa ndilo lililopewa jina.

Tangu hapo modeli zimekua zikawa za dunia nzima, na hapo tunakutana na kitenzi "kuiga". Kwa Kiswahili cha darasani, anayeiga anachungulia daftari la jirani. Modeli ya tabianchi haichungulii. Hupewa kanuni za mwendo wa hewa, miali ya jua, milima na bahari, kisha huachwa iende miaka mingi. Haitegemewi kutoa tukio la tarehe 12 Februari 2018, lililoupasua mzunguko wa upepo wa ncha vipande viwili, na wiki mbili baadaye theluji ikaanguka hadi Roma. Inategemewa kutoa matukio makubwa kama sita katika miaka 10, mengine ya kupasuka na mengine ya mzunguko mzima kuhama kutoka nchani. Inaiga tabia, haiigi tarehe. Tena lazima iende muda mrefu, maana anga yenyewe haina mpangilio: miaka ya 1990 ilipita karibu yote bila tukio kubwa hata moja hadi Desemba 1998.

Kila modeli ina kifuniko, yaani kimo ambacho juu yake hesabu haziendelei. Zilizofunikwa chini mno, ndani ya stratosfia yenyewe, huzaa matukio machache kuliko ya kweli. Zile zinazopanda kilomita 50 na zaidi hukaribia ukweli. Kuna pia mawimbi madogo ambayo visanduku vya modeli vinavyoigawa anga, vyenye upana wa makumi ya kilomita au zaidi, haviyaoni, hivyo hukadiriwa kwa fomula. Hapa mtafsiri awe macho. Akiyaita "mawimbi ya mvutano", msomaji atawaza yale ya Einstein yatokanayo na nyota kugongana. Haya ni hewa inayopanda na kushuka kwa uzito wake. "Mawimbi ya uzito wa hewa" yanatosha.

Afrika Mashariki imo pia katika hadithi hii. Baada ya volkeno ya Krakatoa kulipuka mwaka 1883, majivu yake yalionyesha kuwa juu ya ikweta kuna upepo wa mashariki. Mwaka 1908, mtafiti Arthur Berson alirusha maputo juu ya Ziwa Victoria, akakuta upepo wa magharibi. Kwa nusu karne pepo hizo zilikaa vitabuni kwa majina mawili, moja la Krakatoa na moja la Berson, mpaka ilipobainika karibu na mwaka 1960 kuwa hupokezana kwa zamu, mzunguko mmoja ukichukua kama miezi 28. Mwaka 1980, watafiti Holton na Tan walionyesha kuwa zamu ya mashariki juu ya ikweta hudhoofisha mzunguko wa ncha. Modeli isiyopata zamu za Ziwa Victoria itakosea pia huko Aktiki.

Hata "dogo" halina budi kufafanuliwa. Septemba 2019 stratosfia ya Antaktika ilipanda halijoto kwa kasi, na tundu la ozoni la mwaka huo likawa dogo kuliko yote tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Lakini upepo haukugeuka, hivyo tukio likaandikwa dogo. Upande wa kusini una tukio kubwa moja tu katika kumbukumbu, la Septemba 2002.

Nisingebadilisha jina, kwa kuwa mwanafunzi anahitaji kulitambua popote atakapolikuta. Ningebadilisha fasili yake kwenye kamusi, iandikwe hivi: joto la ghafla la stratosfia ni kulegea au kugeuka kwa muda, katikati ya majira ya baridi, kwa upepo wa magharibi unaoizunguka ncha ya dunia, kunakoandamana na kupanda kwa kasi kwa halijoto; upepo usipogeuka, tukio huitwa dogo.