Ndege wa Kauri wa Chelsea

Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, mjini London, wamo ndege wasioruka wala kulia. Wamefanyizwa kwa kauri nyeupe, kimo chao kama shubiri, nao wamekaa juu ya visiki vya kauri vilivyopambwa kwa majani na maua. Walitoka katika kiwanda cha Chelsea, kando ya mto Thames, kati ya mwaka 1749 na 1752. Napenda kuwaelezeni habari zao, kwa kuwa ndege hao walimkasirisha mtu mmoja, na kwa maoni yangu hakukasirika bure.

Kauri yenyewe watu wa pwani yetu waliijua zamani, kabla Waingereza hawajajua kuifanyiza. Bakuli za Kichina zilijengewa katika kuta za misikiti na nguzo za makaburi. Tena jina lake ni la ajabu. Sisi twaita chombo hicho kwa jina la kauri ya baharini, kwa jinsi inavyong'aa. Na Waitaliano nao, bila kushauriana nasi, walifanya vivyo hivyo, maana neno lao porcellana lilikuwa jina la kauri hiyo hiyo. Huko Ulaya siri ya Wachina iligunduliwa kwanza Ujerumani, kiwanda kikafunguliwa Meissen mwaka 1710. Waingereza walichelewa. Chombo cha Chelsea cha zamani kabisa chenye tarehe ni cha mwaka 1745, na mkuu wa kiwanda alikuwa Nicholas Sprimont, mfua fedha, mzaliwa wa Liège.

Basi, ndege wale mafundi waliwaona wapi? Wengi hawakuwaona kamwe, ila kitabuni. Bwana George Edwards, mtunza vitabu wa Chuo cha Waganga cha London, alitoa vitabu vinne vya ndege wa nchi za mbali, tangu mwaka 1743 hata 1751. Alichora ndege kwa mkono wake, akazichonga picha katika mabamba ya shaba mwenyewe. Wengine walimfikia wakiwa wamekufa na kukaushwa, kama wale aliopelekewa na James Isham kutoka Hudson Bay, upande wa kaskazini wa Amerika.

Fundi wa Chelsea aliifungua picha, akamfinyanga ndege pamoja na kisiki chake. Kisha ikafanywa kalibu ya plasta, udongo uliolainishwa kama uji ukamiminwa ndani. Plasta hunyonya maji, udongo hugandamana pembeni, na uji uliobaki humwagwa; kwa hiyo ndege ni mtupu ndani. Kisiki si pambo tu. Udongo wa Chelsea ulichanganywa na kioo kilichosagwa, ukawa mwepesi kulegea tanurini, na miguu ya ndege, myembamba kama njiti, isingaliweza kuuchukua mwili. Baadaye alipakwa rangi, akarudishwa motoni. Chini ya sanamu nyingi iko alama ya nanga ndogo iliyoinuka.

Edwards alipoziona hakufurahi. Aliandika kwamba maduka ya London yamejaa sanamu na picha zilizoigwa kitabuni mwake, na kwamba nyingi zimeharibiwa umbo na rangi. Alitaja pia wauza picha na wapiga chapa wa nguo. Wala hakuwa na mahali pa kushtaki sanamu hizo. Sheria ya mwaka 1735 ilimlinda mchonga picha asiibiwe na mchapaji mwenzake. Ya udongo haikuyafikiria. Sheria ya kwanza ya kulinda sanamu ilitungwa mwaka 1798, na Edwards alikuwa amekwisha kufa mwaka 1773.

Hata hivyo namwonea fundi huruma kidogo. Picha huonyesha ubavu mmoja, lakini sanamu huzungukwa pande zote, na ubavu wa pili ilimpasa kuubuni mwenyewe, bila ndege wa kumtazama. Wengi wa mafundi hao hata majina yao yamepotea. Kiwanda chenyewe kilinunuliwa na William Duesbury wa Derby mwaka 1770, kikafungwa mwaka 1784.

Leo, mtunza makumbusho akitaka kujua sanamu fulani ni ya ndege gani, rangi zake mara nyingi hazimtoshi. Hukichukua kitabu cha Edwards, akafunua ukurasa baada ya ukurasa, mpaka akutane na kisiki kile kile.