Reli Iko Bungoma, Lakini Nani Anaongoza Treni?

Wasee, kila nikipita soko la Chwele na kuona malori yakipakia nyanya na vitunguu, najiuliza: si reli iko hapo tu Bungoma? Ilifika Kitale mwaka wa 1926, na Kampala 1931. Sasa mbona mzigo wetu wote uko barabarani?

Wengi watasema shida ni injini kuzeeka. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya stori. Reli yetu ni ya njia moja, na treni hupishana kwa stesheni pekee. Kwa hivyo zamani stesheni masta hangeachilia treni kabla mwenzake wa stesheni inayofuata kuthibitisha kwamba njia iko wazi. Dereva alishikishwa ruhusa yake mkononi, ndio aende. Kumbe reli si chuma tu, ni watu kuelewana.

Na hapo ndipo tumeanguka. Hadi 1977, shirika moja la Afrika Mashariki lilisimamia njia yote, Mombasa hadi Kampala. Jumuiya ikavunjika, na Malaba ikawa mpaka wa reli pia. Mwaka wa 2006 pande mbili zikarudishwa chini ya kampuni moja, Rift Valley Railways, kwa mkataba wa miaka 25. Wakaleta kompyuta na GPS ili treni zifuatiliwe kutoka chumba kimoja Nairobi, sio kwa simu na karatasi. Idea poa sana. Lakini hata nusu ya mkataba haikuisha. Kenya ilijitoa 2017, Uganda ikafuata. Tukagawana tena.

Mwaka huo huo SGR ikaanza, na chumba chake kipya cha kuongoza treni. 2019 ikafika Naivasha, ikasimama. Upana wake ni milimita 1,435, yetu ni 1,000, so mzigo lazima uhamishwe. Na mpango wake wa kufika Malaba unapitia Kisumu, sio huku kwetu.

Kwa hivyo mwanasiasa akija Chwele kuahidi kufufua reli, usikimbilie kupiga makofi. Muulize: nani ataongoza treni, kwa mfumo gani, na ukiharibika nani atalipa? Chuma kimelala hapa karibu miaka mia. Kinachobadilika kila mara ni mwenye kushika simu.