Papa wa magazini aliuliza swali la mwaka 1917

Ndugu wenzangu, ninyi mliokwisha kupata diploma na ninyi ambao bado mnapambana na mitihani, leo nitaanza na aibu yetu wenyewe.

Mwaka uliopita komite yetu ndogo ya wakimbiaji ilitembeza barua Lubumbashi mzima. Tulitaka kukimbia mbio za kupokezana mpaka Likasi, kilometa karibu 120, watu 10, kila mmoja na kipande chake. Barua ilikuwa na muhuri, sahihi tatu, na neno "msaada" mara sita (nilihesabu kisha). Kwenye maofisi makubwa walituambia tuache kopi. Mtu mmoja tu ndiye aliyesoma mpaka mwisho, papa mmoja mwenye magazini ya viatu kando ya barabara. Akavua miwani, akauliza: "Bana yangu, na mimi nitapata nini ndani?"

Tulikasirika. Tulitoka pale tukisema watu wa biashara hawana moyo. Kisha nikaanza kusoma habari za hizi mbio, zilitoka wapi, nani alilipa za kwanza. Kumbe swali la yule papa ndilo lililozaa mbio zenyewe.

Mbio ndefu za kupokezana barabarani, si zile za uwanjani na kijiti, zilianza Japani. Zinaitwa ekiden. Jina limetoka kwenye mambo ya zamani, wakati wajumbe na farasi walikuwa wanabadilishana kwenye vituo vya barabara kuu. Hakuna kijiti, mkimbiaji anavaa mshipi wa kitambaa begani, tasuki, anauvua na kumvalisha mwenzake anayemngoja.

Mwaka 1917 Tokyo ilisherehekea miaka 50 ya kuwa mji mkuu, na kulikuwa na maonyesho makubwa pale Ueno. Gazeti la Yomiuri lilitaka wasomaji. Mle ndani ya gazeti alikuwamo mshairi mmoja, Toki Zenmaro, mkuu wa kitengo cha habari za jamii. Yeye njo alisukuma wazo hili: watu wakimbie kutoka Kyoto, mji mkuu wa zamani, mpaka Tokyo, kilometa zaidi ya 500, vipande 23, mchana na usiku.

Sasa angalia kwa macho ya mwenye gazeti. Mbio ya saa mbili inakupa habari moja, kesho watu wamesahau. Mbio ya siku tatu inakupa habari kila asubuhi, na kila mji ambamo mkimbiaji anapita kuna watu wanaotaka kusoma kama alipita mbele au nyuma. Naona gazeti halikutoa sadaka pale. Lilinunua hadithi ndefu, na wakimbiaji ndio walioiandika kwa miguu.

Tarehe 27 Aprili wakaondoka kwenye daraja la Sanjo, Kyoto. Timu zilikuwa mbili tu. Katika ile ya upande wa Nagoya alikimbia hata Hibino Yutaka, aliyewahi kuongoza shule ya sekondari, mtu wa miaka 50 (wale wenzetu wanaosema wamezeeka kwa miaka 27, mnisamehe). Timu ya Tokyo ikashinda, na aliyemaliza kipande cha mwisho ni Kanakuri Shizo.

Wengi wakisimulia wanaishia kwenye ushindi. Mimi nataka nikae kidogo kwenye hesabu. Gharama zilipita kabisa pesa iliyopangwa, na mwaka 1918 Toki aliondoka Yomiuri. Mbio zilifaulu, aliyezileta akapoteza fasi yake. Sababu barabara ndefu inakula pesa fasi ambazo hauzioni: kila kituo kinataka watu wa kupokea, chakula, mahali pa kulala, chombo cha kubeba waliochoka. Bajeti yetu ya Likasi ilikuwa na mistari miwili tu, mayo na maji. Yule papa angetupatia pesa, tungemwangusha pamoja nasi.

Tuseme kuhusu Kanakuri, maana huyu alijua kutafuta wafadhili tangu ujana wake. Mwaka 1912 alichaguliwa kwenda Olimpiki ya Stockholm, lakini nauli haikulipwa na serikali. Wanafunzi wenzake na walimu wa chuo chake cha ualimu, Tokyo, walichanga, na kaka yake akaongeza kilichobaki. Akapanda meli, kisha treni ya Siberia. Siku ya marathoni joto likamwangusha, hakumaliza. Fikiri uzito wa kurudi nyumbani mbele ya watu waliokuchangia, na mikono mitupu.

Lakini kuna mfadhili mwingine wa Kanakuri ambaye mimi ninampenda kuliko gazeti. Alikuwa fundi wa tabi, vile viatu vya kitambaa vya Kijapani vinavyotenga kidole gumba. Anaitwa Kurosaka Shinsaku, kiduka chake kiliitwa Harimaya. Kanakuri alikuwa anakimbia na tabi, zinachanika, anarudi kwa fundi. Fundi anabadilisha, anatia nguvu fasi iliyochanika, mwishowe soli ikawa ya mpira. Viatu vile vikauzwa kwa jina la "Kanakuri tabi". Mwaka 1951 kijana Tanaka Shigeki alishinda marathoni ya Boston akiwa amevaa viatu vya kiwanda kile. Kwa hiyo fundi alipata nini ndani? Alipata mtu wa kumwambia ukweli juu ya viatu vyake, kila wiki, bure.

Miaka miwili baada ya mbio za Kyoto, Kanakuri na wenzake wakapata wazo la wazimu: kukimbia kwa kupokezana kuvuka Marekani yote. Ili kuchagua wakimbiaji walihitaji mashindano magumu, wakachagua barabara ya kutoka Tokyo mpaka milima ya Hakone na kurudi. Safari hii hawakuingia kwenye gazeti na mikono mitupu. Walikuwa na njia, walikuwa na sababu, na Kanakuri alikuwa jina ambalo watu wanalijua. Gazeti la Hochi likakubali. Vyuo vingi vilishindwa kupata watu 10 wa kukimbia mbali hivyo, vikabaki vinne: Waseda, Keio, Meiji na kile chuo cha ualimu.

Mbio zilianza tarehe 14 Februari 1920, saa saba mchana. Kwa nini saa saba? Sababu asubuhi wanafunzi walikuwa na masomo. Hivyo wa kipande cha mlimani wakakutwa na giza, na vijana wa kule Hakone wakawasha mienge kuwaonyesha njia. Wale hawamo kwenye orodha ya wafadhili wowote. Kesho yake chuo cha ualimu kilishinda Meiji kwa sekunde 25. Marekani hawakuenda kamwe. Hakone imebaki, na mpaka leo mwenye mbio ni shirika la wanafunzi wenyewe.

Mwaka 1987 televisheni ikaanza kuonyesha mbio hizi moja kwa moja, na hapo vyuo vyenyewe vikaanza kuuliza swali la papa. Yamanashi Gakuin, chuo kisichojulikana sana, kiliita vijana kutoka Kenya. Joseph Otwori akakimbia mwaka 1989, na mwaka 1992 chuo kikashinda. Wakenya walipata masomo, chuo kikapata jina. Baadaye sheria ikawekwa kwamba kila timu ikimbize mgeni mmoja tu. Mimi naona hapo mfadhili alishukuru kwa mkono mmoja na kufunga mlango kwa mkono mwingine, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Juma lililopita tulirudi kwa papa wa magazini. Hatukubeba barua. Tulibeba jozi mbili za viatu tulivyonunua kwake, vimechanika pembeni, na karatasi yenye vituo 10 mpaka Likasi, na hesabu ya kila kituo. Kituo cha kwanza tumekiweka mbele ya mlango wake. Aliangalia viatu muda mrefu kuliko karatasi, akapitisha kidole fasi iliyochanika. Kisha akauliza saa ngapi mkimbiaji wa kwanza atafika pale, sababu Jumamosi asubuhi watu wa soko wanapita wengi kabla ya saa nne.